Safu ya 34, Dirishani

Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume Machi mwaka jana, huko New Jersey. Mama yake alikuwa katikati ya matibabu ya macho na daktari hakumruhusu kusafiri, basi ikaamuliwa nitangulie mimi. Mkwe wangu akakata tiketi: Dar hadi Ghuba, Ghuba hadi London, London hadi New York, daraja la kawaida mwanzo mwisho. Kipande cha kwanza na cha pili navipita mbio. Ndege zilikuwa mpya na tulivu, nikala, nikalala. Ninayotaka kuisimulia ni ile ya tatu.

Niliiona kupitia kioo cha ukumbi wa kusubiria kabla hatujaitwa. Boeing 767-300. Nimekuwa fundi wa mabasi kwa miaka 38, nyingi kati ya hizo Ubungo, na jicho langu likiona bodi ya chuma haliwezi kutulia. Rangi ya tumboni ilikuwa imepauka. Nyuma kidogo ya mlango wa mbele palikuwa na kiraka, kipande cha bati ukubwa wa sinia, kimepigwa ribiti safu mbili zilizonyooka kama mshono wa cherehani. Abiria mmoja karibu yangu alikionyesha kwa kidole akamnong'oneza mwenzake. Mimi nilifurahi kukiona. Mtu alilipitia bati lile kwa makini, akaona kasoro, akapima, akaziba kwa utaratibu. Nimeziba bodi nyingi maishani na najua ribiti iliyopigwa kwa haraka inavyokaa. Zile hazikupigwa kwa haraka.

Ndani, viti vimepangwa saba kwa safu: viwili, njia, vitatu, njia, viwili. Huo mpangilio naupenda kuliko wa ndege yoyote kubwa niliyowahi kupanda. Katika kila watu saba, ni mmoja tu anayebanwa katikati. Ndege nyingi za safari ndefu siku hizi hupanga tisa au hata kumi kwa safu, na ukiangukia kiti cha kati unakaa saa nane viwiko vimekunjwa kifuani kama kuku aliyefungwa. Mimi nilipewa safu ya 34, dirishani, nyuma ya bawa. Upande wangu tulikuwa wawili tu.

Kiti chenyewe, nisifiche, kilikuwa kimekwisha. Sponji ilikuwa imelala hadi nikawa nahisi chuma cha chini. Meza ya kulia chakula ilikuwa haishiki, ikaning'inia upande. Skrini ya mbele yangu ilikuwa nyeusi. Mhudumu alijaribu kuizima na kuiwasha mara mbili, ikagoma. Taa ya kusomea nayo haikuwaka. Haya yaliniuma. Mtu amejinyima miezi kukusanya nauli ya kwenda kuona mjukuu, analipa kama wenzake, anastahili kiti kizima. Sponji mpya na balbu si gharama ya kulishinda shirika linalorusha ndege kuvuka bahari.

Jirani yangu alikuja mwisho mwisho, kijana mwenye begi la mgongoni. Aliponisikia nikiagana na mke wangu kwenye simu, akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Mombasa, Likoni. Nasoma huko Boston." Akakaa, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Ndege ilipoanza kujivuta kuelekea njia ya kurukia, plastiki za dari zikaanza kulia kri-kri-kri. Akanishika mkono. "Mzee, hii ndege si imechoka?"

"Kilichochoka ni siti," nikamwambia. "Ngoja iruke nikueleze."

Iliporuka, kwa kweli, ilikuwa ni kelele. Kabati za juu zilitikisika, mlango wa choo nyuma yetu ukagonga fremu, kitu fulani jikoni kikaanguka. Lakini mimi nilikuwa nimetega sikio langu kwenye injini. Basi bovu hulitambua kwa mlio unaopanda na kushuka wenyewe bila dereva kugusa kitu. Hapa mlio ulikuwa mmoja, mzito, uliojaa, kutoka mwanzo wa lami hadi mawinguni. Nilimwambia yule kijana afumbe macho asikilize huo tu, aache plastiki zipige kelele zake.

Kisha nikamweleza, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili watu wengi hulibeba kichwani kinyume. Ndege haizeeki kwa miaka kama binadamu. Inazeeka hasa kwa kuruka na kutua. Kila inapopanda, hewa inajazwa ndani na bodi inavimba kidogo sana, inaposhuka, inanywea. Vimba, nywea, vimba, nywea. Ukikunja waya mbele na nyuma mara nyingi unajua kinachotokea. Aprili 1988, kule Hawaii, ndege ndogo ya miaka 19 ilifumuka paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege ile ilikuwa inarukaruka safari fupi kati ya visiwa, na ilikuwa imeruka karibu mara 90,000. Tangu hapo ukaguzi wa ndege zilizo na umri ukabadilishwa kabisa duniani.

Sasa chukua hii yetu. Safari moja inakula saa nane. Kwa siku itaruka mara mbili, basi. Piga hesabu kwa miaka 25: haifiki hata mara 20,000.

"Mwajua daladala na basi la mkoani," nikamwambia. "Daladala ya Gongo la Mboto inasimama kila kituo, breki, klachi, mlango, siku nzima. Basi la Mwanza linaondoka alfajiri na kukanyaga lami hadi usiku. Yakiwa na umri mmoja, mimi nakupandisha la Mwanza."

"Matatu na basi la Malindi," akasema. Tukaelewana.

Nikamwambia pia kwamba kila baada ya miaka kadhaa ndege ya namna hii huingizwa karakana ikavuliwa kila kitu. Viti vinatoka, kuta zinatoka, sakafu inafunuliwa, mafundi wanapitisha vifaa vya umeme na vya mawimbi ya sauti juu ya bati kutafuta ufa ambao jicho haliwezi kuuona. Kwetu oveholi ya basi nzuri kabisa haifiki nusu ya hapo, na ningetamani ifike, maana nimeona mabasi yakirudi barabarani na rangi mpya juu ya chesesi iliyokwisha liwa na kutu.

Chakula kikaja, kuku na wali, nikala nikishikilia meza kwa goti. Skrini ya kijana ilikuwa nzima, akaiweka kwenye ramani tuangalie wote. Ndege yetu ilikuwa alama ndogo juu ya bluu tupu. Mbele, ncha ya Kanada, paliandikwa Gander. Nikamwonyesha. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa karibu, kwa hiyo kuvuka Atlantiki ilikuwa kazi ya ndege za injini tatu na nne. Mwaka 1985 ndege za aina hii, 767, ndizo zilizoanza kuruhusiwa kufika dakika 120, na viwanja kama Gander vikawa ndiyo kamba ya kushikilia njiani. Injini mbili zilizoaminiwa namna hiyo zilifungua njia kwa karibu kila ndege ya masafa marefu tunayopanda leo. Ndege hizi zilianza kubeba abiria mwaka 1982. Mimi mwaka huo nilikuwa kijana wa kushika spana, najifunza kazi Chang'ombe.

Na bado zinaundwa, za mizigo. Ile ya mizigo ya Air Tanzania iliyopokelewa Dar Juni 2023, ya kubeba tani 54, ni ukoo huu huu.

Mchana ule uliendelea bila jua kuzama, maana tulikuwa tunalifuata magharibi huku upepo wa juu ukitupiga usoni. Koo likakauka. Miguu ikajaa ndani ya viatu. Ndege za bati zina tabia hiyo: hewa ya ndani huwa nyepesi kama umesimama kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,400, na ni kavu kabisa. Dreamliner, kama zile za Air Tanzania, zimeundwa kwa nyuzi za kaboni zinazostahimili kuvimba na kunywea na haziogopi kutu, kwa hiyo hewa yake hushushwa hadi mita kama 1,800 na unyevu unaongezwa. Mwili unaijua tofauti. Nilikunywa maji kila mhudumu alipopita, na kila saa nilisimama nikatembea njia moja kwenda mbele, nikarudi kwa njia ya pili. Hiyo ni faida ya ndege yenye njia mbili: unazunguka bila kumgeuza mtu.

Katika kuzunguka huko nilisimama mlangoni mwa choo cha nyuma nikaona kisahani kidogo cha chuma cha kuzimia sigara, kimechongwa ndani ya mlango, juu yake picha ya sigara iliyokatwa mstari. Mhudumu mmoja mama mwenye mvi, kafunga nywele nyuma, aliniona nakichunguza. Akaniambia kwamba sheria yao inataka kiwepo mpaka leo. Uvutaji ulikatazwa, lakini akitokea mkaidi akavuta, ni lazima awe na mahali salama pa kuzimia, asitupe kichungi kwenye pipa la karatasi. Nilijua sababu. Julai 1973 moto ulianzia chooni kwenye ndege iliyokuwa inaingia Paris ikitoka Rio de Janeiro, na watu 123 wakafa. Nikakigusa kile kisahani kwa kidole. Kilikuwa kimeng'arishwa.

Nilimuuliza mama yule ana muda gani kazini. Miaka 31, akasema, mingi ndani ya ndege za aina hii. Akagonga ukuta wa jiko kwa vifundo vya vidole, taratibu, kama mtu anavyogonga shavu la ng'ombe wake. "She always gets us home," akasema. Hutufikisha nyumbani siku zote. Nilimwelewa kabisa.

Nikarudi dirishani. Chini ya kioo cha kati pana kitundu kidogo, hata njiti ya kiberiti haipiti, kimewekwa makusudi ili shinikizo la hewa libebwe na kioo cha nje na ukungu upate pa kutokea. Nje ilikuwa nyuzi 54 chini ya sifuri. Kuzunguka kitundu kile barafu ilikuwa imeota, sindano nyembamba nyembamba zimeenea pande zote kama jicho la alizeti, na kila jua lilipolipiga bawa zilimetameta. Sikuwa na skrini, lakini saa nzima nilitazama sindano zile zikirefuka. Kijana alikuwa amelala, kichwa kimeniegemea begani.

Tulipoanza kushuka aliamka. Nikamwachia dirisha aone. Vibao vya nyuma ya bawa vikateleza nje na kuinama, bawa likafunguka hadi vyuma vya ndani vikaonekana, vimepakwa grisi, hakuna panapovuja. Magurudumu yakatoka kwa kishindo, safari hii hakushtuka. Tukagusa lami mara moja tu, vibao vya juu ya bawa vikasimama wima, injini zikanguruma kinyume, na plastiki zote za dari zikalia kwa pamoja.

"Si ulisema, mzee," akasema, akicheka.

Jioni mkwe wangu aliitafuta ile ndege kwa namba ya usajili niliyokuwa nimeiandika mkononi. Ilitengenezwa mwaka 1998, mwaka aliozaliwa mke wake, binti yangu.

Lakini kabla ya kufika huko, tukiwa kwenye ushoroba wa kuelekea uhamiaji, kulikuwa na dirisha refu linaloiangalia. Nilisimama. Gari la mafuta lilikuwa limeshajiunganisha, wasafishaji wanapanda na mifuko yao. Chini ya injini ya kushoto fundi mmoja alikuwa amechuchumaa, tochi mdomoni, mkono wote umeingia ndani ya kifuniko hadi begani. Aliutoa, akautazama chini ya mwanga, akaufuta kwa tambara, akaurudisha tena ndani. Nilingoja hadi alipofunga kifuniko na kukigonga kwa kiganja mara mbili kuhakikisha kimeshika, ndipo nikachukua begi langu.