Mfumo wa disketi unaostahimili kupotea kwa stima

Ukiandika mfumo wa disketi wa kompyuta ya zamani hapa Kisumu, fikiria stima kabla ya faili. Siku moja itapotea kichwa cha drivu kikiwa katikati ya kuandika, na mfumo uliopangwa ovyo utaziacha faili mbili zikigombania sekta moja.

Tuchukue prosesa ya Z80 ya megahezi 4, kontrola ya disketi ya WD1793 na drivu ya inchi 5.25 ya upande mmoja. Traki (duara za disketi) 40, kila moja ikiwa na sekta (vipande vya duara) 16 za baiti 256, ni kilobaiti 160. Mfumo wenyewe ukae traki 0. Orodha ya faili iwe traki 20, katikati, ili kichwa kisisafiri mbali. Apple waliweka yao traki ya 17 na Commodore ya 18, kwenye disketi za traki 35. Nakala ya orodha iwe traki 21. Faili zinabakiwa na kilobaiti 148, zigawe kwa bloku za kilobaiti moja.

Kila faili ipewe baiti 32: 1 ya hali, 8 za jina, 3 za aina, 4 za urefu, 16 za namba za bloku. Hali ikiwa E5 (namba ya heksadesimali), nafasi iko wazi. Ujanja huu ni wa CP/M, mfumo wa uendeshaji wa zamani: fomati disketi kwa kuijaza E5 na orodha tupu iko tayari.

Kazi ya jasho ni kusoma sekta. Baiti hufika kila mikrosekunde 32, sawa na mapigo 128 ya saa ya prosesa. Kitanzi hiki husoma hali ya kontrola, husubiri DRQ (ishara kwamba baiti iko tayari), kisha huichukua:

SOMA: IN A,(0F0h)
AND 2
JP Z,SOMA
INI
JP NZ,SOMA

Hapo ni mapigo 54, chini ya 128, kwa hiyo kinawahi. Weka rejista B sifuri, INI (amri inayochukua baiti na kupunguza B) itahesabu 256 yenyewe. Tanguliza DI (amri ya kuzima makatizo): katizo la kibodi likikichelewesha kitanzi kidogo tu, biti 2 ya hali ya kontrola inawaka na baiti imekwenda. Baada ya kuipa kontrola amri, subiri mikrosekunde 60 ndipo usome hali yake. Na sekta isipopatikana, DRQ haiji kamwe: kitanzi hiki kitazunguka hadi kesho. Unganisha INTRQ (pini ya kontrola inayoashiria amri imeisha) na NMI (katizo ambalo DI haiwezi kulizima) ya prosesa ikitoe humo.

Kwenye traki, sekta zipange 1, 9, 2, 10, 3, 11 na kuendelea. Zikifuatana 1, 2, 3 na programu ikachelewa kidogo, kila sekta itasubiri mzunguko mzima wa milisekunde 200: sekunde 3.2 kwa traki badala ya 0.4.

Sasa stima. Ramani ya bloku zilizo wazi usiiandike kwenye disketi hata kidogo. Ijenge kwenye memori kutoka kwa orodha kila unapowasha. Data mpya iende kwenye bloku zilizo wazi kwanza, kisha sekta ya orodha traki 20, isome tena kuihakiki, ndipo uandike traki 21. Stima ikikatika wakati wa data, faili ya zamani bado ipo. Ikikatika kwenye traki 20, CRC (hesabu ya kuhakiki sekta) itagoma na utarejesha sekta hiyo kutoka 21. Zikiwa nzima zote lakini zinatofautiana, ya 20 ndiyo mpya. Bloku za faili iliyofutwa zisiguswe mpaka nakala zote mbili ziandikwe. Wengi huteleza hapa.

Stima ikipotea, toa disketi kabla haijarudi. Drivu nyingine hutema mpigo wa kuandika zinapowaka, na mpigo huo hauheshimu mpangilio wowote.