Kumbukumbu ya mradi wangu: Jiwe la Bismarck kwa matofali ya kuchezea

8 Machi

Leo nimeanza rasmi kulijenga Jiwe la Bismarck kwa matofali ya plastiki ya LEGO. Kwa msomaji ambaye hajafika Mwanza, hilo ni rundo la miamba linalochomoza majini karibu na kivuko cha Kamanga, na juu yake limekaa jiwe moja kubwa kana kwamba mtu alilitua hapo akaenda zake. Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck, nasi tumeendelea kuliita hivyo. Sijaona seti yoyote inayouzwa yenye mfano wa jiwe hili, kwa hiyo sina kijitabu cha kunielekeza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulichagua. Nina umri wa miaka 41, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na kwa miaka sita sasa jioni zangu nyingi nimezitumia katika ubunifu huu.

Vipimo nimeshaviamua. Bamba la chini ni la vinundu 48 kwa 48 (kinundu ni kile kidude cha mviringo kinachochomoza juu ya tofali), na kwa kuwa kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, upande mmoja unakuwa sentimita 38.4. Jiwe lenyewe litapanda matofali 30 kutoka usawa wa maji. Tofali moja lina kimo cha milimita 9.6, hivyo kilele kitafika karibu sentimita 29.

15 Machi

Asubuhi nilikwenda Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Vitu vya watoto huja vimechanganyika ndani ya robota moja, na mwuzaji huvigawa kwa mafungu: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere, na matofali ya kila aina. Ninachofanya ni kulishika kila tofali kwenye mwanga na kutazama juu ya kinundu, kwa sababu tofali halisi lina jina la LEGO limechongwa juu ya kila kinundu, kwa herufi ndogo zinazosomeka kwa kucha kuliko kwa jicho. Umri wa tofali haunisumbui. Mfumo huu wa kushikana ulisajiliwa hataza huko Denmark tarehe 28 Januari 1958, na tangu hapo vipimo havijabadilika; lililotengenezwa kabla sijazaliwa linabana sawasawa na la juzi.

Nimerudi na kilo tatu hivi. Nimeyaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikiangalia yasizidi nyuzi 40 kwa kuwa plastiki hii hupinda kwa joto, kisha nikayaanika kivulini, maana jua hugeuza rangi yake kuwa ya manjano.

Yalipokauka niligundua kwamba kijivu changu ni cha aina mbili. Takriban mwaka 2004 kampuni ilibadilisha rangi hiyo: kijivu cha zamani kina joto fulani, kinaelekea kahawia, na kipya kinaelekea buluu. Wajenzi wengi huvitenganisha kwa uangalifu mkubwa. Mimi nimevichanganya kwenye beseni moja, kwa sababu mwamba wetu wa matale, yaani graniti, haujawahi kuwa wa rangi moja.

30 Machi

Nimebomoa kazi ya wiki mbili. Nilikuwa nimepanga tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiingia ndani kidogo, nikaweka matofali ya mteremko kwenye kingo ili nipate mviringo. Nilichopata ni kichuguu. Kwenye programu ya Studio, ambayo ninaitumia kuchorea kabla ya kujenga, kilionekana kizuri. Mezani kilikuwa na ngazi pande zote, na mwanga wa dirishani ulizionyesha moja baada ya nyingine.

6 Aprili

Nimekaa ufukweni tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, bila kupiga picha hata moja, nikiwa na daftari na penseli tu. Niliyoyaona leo yamenibadilishia mradi wote, na ninataka kuyaandika kwa urefu.

Siku zote nililitazama jiwe lile kama tufe. Siyo tufe. Ukilifuata kwa jicho polepole, hasa jua linapolipiga kutoka ubavuni, utaona lina nyuso: uso mpana unaoelekea mjini, mwingine unaoelekea majini, na kati yao pembe ambayo imelainika lakini bado ipo. Miamba iliyo chini yake imekatwa na nyufa zilizonyooka, nyingine za wima na nyingine za kulala, karibu kama viungo vya saruji kwenye ukuta. Nilipewa elimu hiyo shuleni katika jiografia, nikaisahau: matale hupasuka kwa mistari yakiwa bado ardhini, yakawa mabonge yenye pembe, kisha maji hupenya kwenye nyufa na kuyaozesha. Uso wa bonge hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na pembe kutoka pande tatu. Ndiyo maana pembe huisha kwanza, na baada ya muda mrefu udongo uliooza huchukuliwa na mvua, mabonge yakabaki yamekaliana. Milima yote ya jiji hili, kuanzia Bugando hadi Mabatini, imejaa mawe yaliyopitia njia hiyo.

Kwa hiyo jiwe lilianza likiwa na pembe, kama tofali langu. Nilikuwa nikitafuta mviringo tangu mwanzo, na kumbe ninapaswa kujenga sanduku kwanza, kisha nilile kwenye pembe.

27 Aprili

Njia mpya inafanya kazi. Katikati kuna sanduku tupu la matofali ya kawaida, lililoshikwa ndani kwa nguzo nne. Kwenye kuta zake nimepachika matofali yenye vinundu ubavuni, na juu ya vinundu hivyo nimejenga kila uso ukiwa umelala, vinundu vyake vikitazama nje. Hesabu inayowezesha jambo hili ni nzuri sana: kibamba kimoja, yaani kipande bapa chembamba kuliko tofali, kina unene wa milimita 3.2, hivyo vibamba vitano vinatoa milimita 16, ambazo ni sawasawa na upana wa vinundu viwili. Kilicholazwa na kilichosimama vinakutana bila mwanya.

Kisha nikaanza kula. Katikati ya uso niliongeza kibamba kimoja tu, kwenye kingo nikapunguza viwili, kwenye pembe vitatu, na mapengo nikayaziba kwa vipande vilivyopinda. Ufa mkubwa wa wima nimeuacha wazi kwa upana wa nusu kinundu, na ndani yake nimeweka kijivu cheusi. Mke wangu aliingia, akasimama mlangoni, akasema, "Hilo ni la Kamanga." Sikuwa nimemwambia.

17 Mei

Jiwe la juu lilianguka ndani ya bajaji nilipokuwa nikilipeleka kumwonyesha rafiki. Kosa lilikuwa langu: nililijaza matofali hadi kileleni, na linakalia eneo la vinundu sita kwa nane tu. Nimelijenga upya likiwa tupu kuanzia nusu kwenda juu, na nimepitisha fito mbili za plastiki hadi kwenye jiwe la chini.

Maji yamenichukua siku moja. Vibamba vya kijani kilichokolea, vigae angavu vya buluu juu yake, na majani machache ya magugu maji upande wa bara.

14 Juni

Kazi imewekwa mezani kwenye ukumbi wa parokia yetu, pamoja na vikapu na vinyago vya wengine. Mzee mmoja aliyewahi kuvua miaka mingi alilizunguka jiwe mara mbili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mnandi wako wako wapi?"

Nilimweleza kwamba sikuweka ndege.

"Hata kama wameruka," akasema, "weupe wao haurukagi."

Ni kweli kabisa. Kilele cha jiwe lile kimepakwa chokaa ya mnandi, yaani kinyesi chao cheupe, nami nilikiona alfajiri ile na sikukiandika kwenye daftari.

15 Juni

Nimeongeza vigae kumi na vinne vyeupe kileleni, vikishuka kwa michirizi upande wa majini, kila mchirizi ukiwa mwembamba kuliko ulioutangulia. Kwenye ufa, upande wa jua, nimeweka kipande kimoja chekundu mbele ya vipande viwili vya buluu: mjusi dume wa miambani, ametoa kichwa.