Mbuzi anayepumua: wiki ya tano ya katuni yangu bubu

Michoro 24 imekamilika. Ni sekunde 3 tu za mbuzi aliyelala chini ya mwembe akicheua. Lakini jana usiku nilipoipiga picha mmoja mmoja kwa simu na kuirudiarudia, ubavu wake ukapanda na kushuka, nami nikaukodolea macho mpaka chai ikapoa.

Wazo nililipata kwa Gertie, dinosaria wa katuni bubu ya mwaka 1914 ya Winsor McCay, mchora katuni wa Marekani. McCay alisimama jukwaani akimwamrisha, naye Gertie kwenye pazia akainama, akakaidi, akalia alipokaripiwa. Wengi hupenda anapokunywa ziwa zima. Mimi hunishika pale anaposimama tu akipumua, ardhi ikibonyea chini ya uzito wake. McCay alipima pumzi zake mwenyewe ili ajue za Gertie zichukue muda gani.

Basi nikaenda kwa jirani na saa mkononi. Mbuzi wake alipumua mara 20 kwa dakika, yaani pumzi moja kwa sekunde 3. Nimechagua fremu (picha) 16 kwa sekunde, kila mchoro ukipigwa mara mbili, kama alivyofanya mchora katuni Émile Cohl kule Ufaransa mwaka 1908. Ndiyo maana pumzi moja ikawa michoro 24. Nilianza na wa 1 na wa 13, mapafu matupu na mapafu yaliyojaa, nikaja wa 7 na wa 19 katikati yake, kisha nikajaza mapengo. Kuanza na miisho miwili ya mwendo namna hiyo nilijifunza kwa McCay.

Wiki mbili za mwanzo zilipotea. Nilichora mwembe na ukuta mara moja, mbuzi nikamchora kwenye plastiki inayoona juu yake. Kazi ilipungua kweli, ila mandhari iliganda na mbuzi akaonekana mgeni pale. Nikaanza upya, kila karatasi na mwembe wake. Kwa Gertie, kijana John Fitzsimmons ndiye aliyenakili mandhari kwenye maelfu ya karatasi. Njia ya plastiki, ya mchora katuni Earl Hurd, ndiyo kwanza iliombewa hataza Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1914. Mimi mwembe mmoja hunichukua dakika 20, kwa hiyo miembe pekee imekula saa 8. Mistari haiangukii palepale mara mbili, na majani yanatetemeka kidogo hata pasipo upepo. Mtetemo huo ndio uliofanya nizipende katuni hizi za zamani tangu mwanzo. Unauona mkono wa mtu ukirudi tena na tena kwenye mstari uleule.

Kasoro imebaki kwenye mchoro wa 17. Karatasi ilihama kidogo juu ya kioo ninachochorea na pembe za mbuzi zinaruka. Nimeshatoboa matundu mawili juu ya kila karatasi na kugundisha vijiti viwili kwenye kioo, mtindo wa mchora katuni Raoul Barré, kwa hiyo leo nauchora tena.

Kinachofuata ni sikio kumfukuza nzi: michoro 4, labda 5. Kesho namchora nzi.