Stoo iliyogeuka chumba cha ushauri nasaha

Stoo yetu hapa Kansanga, Kampala, ilikuwa ya magunia ya mkaa na baiskeli ya mwanangu. Sasa ndimo ninamowasikiliza watu kwa video, wengi wao Wakongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaotaka kulia kwa Kiswahili.

Kilichonihangaisha zaidi ni sauti. Mvua ya Kampala ikipiga mabati, husikii neno. Fundi akaniwekea dari ya softibodi, nami nikatundika mablanketi mawili mazito mlangoni. Kisha nikamwomba dada yangu akae ndani asome gazeti kwa sauti, mimi nimesimama koridoni nikitega sikio. Nilisikia kila kitu! Nikaweka redio ndogo nje ya mlango, na hapo tu maneno yake yakapotea. Siri ya mtu ni amana, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019.

Umeme ukikatika, betri ya sola inabeba ruta na taa.

Kila kipindi naanza hivi: "Uko peke yako hapo?" Tena tunawekeana ishara. Mtu akiingia ghafla, mteja aniulize bei ya mahindi, nami nitamjibu bei ya mahindi mpaka mlango ufungwe tena.