Taa Imehama

Ilikuwa kama saa saba usiku Mama Salma aliponitikisa bega.

"Baba Salma. Taa imehama."

Nikamjibu kwa sauti ya usingizi kwamba taa ndivyo walivyo, hawakai mahali pamoja, alale.

Jioni yake tulikuwa tumekaa tezini na vikombe vya chai tukiwatazama taa wa bahari ile. Wana upana wa sinia kubwa la pilau, na msimu ule hukusanyika kwa mamia. Huchupa kutoka majini hadi kimo cha mtu, wakapigapiga mabawa hewani kana kwamba kweli watapaa, kisha wakaanguka kwa tumbo: pa! pa-pa! Utadhani jirani anapiga chapati mezani kwa hasira. Nimewasikia wavuvi wa kule wakiwaita tortilla, yaani chapati zao za mahindi, nadhani kwa mlio huohuo. Basi katika usingizi wangu taa alikuwa bado samaki. Ningekuwa macho ningesikia kwamba mke wangu kasema imehama, si amehama. Sarufi peke yake ingetosha kuniamsha.

Hiyo ilikuwa Mei 2018. Tulikuwa tumetia nanga Caleta Partida, ghuba ndogo iliyo baina ya kisiwa cha Espíritu Santo na mwenzake Isla Partida, kaskazini ya mji wa La Paz, Meksiko. Upande wa mashariki ghuba ile imefungwa na ndimi za mchanga zilizoacha mlango mwembamba wa kupita vyombo vidogo tu, na hapo mchangani wavuvi wana kambi yao. Upande wa magharibi iko wazi kabisa.

Chombo chetu kilikuwa boti ya tanga ya futi 34, ya faiba, iliyoundwa 1979. Tuliinunua mkononi kwa mtu huko San Diego mwaka ambao Salma alikwenda chuo na nyumba ikawa kimya mno. Tukaiita Karafuu. Tuliondoka Novemba, maana msimu wa vimbunga upande ule wa Pasifiki ni kuanzia Mei hadi Novemba na bima haitaki kusikia habari ya kushuka kusini kabla yake. Tukateremka pwani yote ya Baja California polepole, tukapita ghuba ya Magdalena nyangumi wa kijivu wakiwa na watoto wao, tukazunguka Cabo San Lucas, tukapanda hadi La Paz. Humo ndani tulijifunza kuosha vyombo kwa maji ya bahari na kuvisuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Tulijifunza pia kwamba unga wa tortilla haupiki ugali. Mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na hata ukisonga vipi unapata kitu chenye sura ya ugali na harufu ya mtu mwingine. Mama Salma alijaribu mara tatu. Ya tatu tuliwapa ndege.

Sasa niseme habari ya babu, kwa sababu bila yeye usiku ule usingekuwa na aibu.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Tanga na Mombasa ilikuwa kama njia ya sokoni kwake, na Ami, mdogo wake baba, alikuwa baharia wake tangu ndevu hazijaota. Hayo ni kweli. Ni kweli vilevile, ila hili sikuwa nalisema, kwamba niliondoka Wete nina miaka sita, nikakulia Ilala, na kuogelea nilijifunza kwenye bwawa huko California nikiwa na miaka arobaini, katika darasa moja na watoto wa chekechea.

Pale La Paz watu wanaoishi vyomboni, wengi wao Wamarekani na Wakanada waliostaafu, hufungua redio kila asubuhi saa mbili wakaamkiana: nani kafika, nani anaondoka, nani anauza pampu, hali ya hewa ikoje. Siku yangu ya kwanza nilijitambulisha kuwa mjukuu wa nahodha wa jahazi kutoka Pemba. Ilipendeza. Ndani ya wiki nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu. Mkanada mmoja alikuja na kihori chake hadi ubavuni kuniuliza babu alikuwa anasomaje nyota. Nikamwelekeza kilimia, maana ndiyo pekee niliyoijua jina.

Mama Salma aliyasikia yote hayo akikatakata vitunguu, hakusema neno. Yeye ni Mnyaturu wa Singida. Bahari aliiona mara ya kwanza alipokuja Dar kusomea uuguzi, na hadi leo akiingia majini hashushi miguu mpaka aone chini. Lakini amefanya zamu za usiku wodini miaka ishirini, na zamu hizo hazijamtoka mwilini: kila baada ya saa hivi anafungua macho, anatazama, anafunga.

Upepo uliotupata una jina. Wanauita Coromuel. Wenyeji husimulia kwamba jina limetokana na haramia wa Kiingereza aitwaye Cromwell, likazungushwa katika ndimi za Kihispania mpaka likawa hivyo. Haramia simjui, upepo naujua. Mchana jua linaichoma Ghuba ya California, na ng'ambo ya pili Pasifiki imebaki baridi. Usiku ile hewa ya baridi inakatiza mahali nchi kavu ilipo nyembamba na ya chini, kusini ya La Paz, inashuka ghubani kwa kasi. Huanza baada ya magharibi au usiku, hudumu hadi asubuhi, na huvuma kutoka kusini-magharibi. Kwa hiyo zile ghuba nzuri za upande wa magharibi wa visiwa, zinazopigwa picha na kila mtu, usiku wa Mei huwa ni midomo wazi. Kila kitabu cha mabaharia wa kule kimeandika hivyo. Nilikuwa nacho, kilikuwa kabatini.

Tulipofika Caleta Partida alasiri kulikuwa na vyombo vinne mbele yetu. Kina cha maji kilikuwa kama mita tano. Nikamwaga mnyororo mita ishirini, nikaangusha mkono. Tulikuwa na mita sitini ndani. Lakini winchi yetu ya nanga ilikuwa ya mkono, na kila mita uliyoteremsha jioni utaipandisha asubuhi kwa mgongo wako. Pia palikuwa na katamarani jirani, sikutaka kuonekana mtu wa kuwasogelea wenzake. Na upepo ulikuwa hakuna. Mama Salma aliuliza, "Inatosha?" Nikamwambia inatosha.

Basi saa saba ile akanitikisa mara ya pili.

"Si samaki. Taa ya kambi. Ilikuwa dirishani kwangu, sasa iko upande wako."

Hapo nikaamka kidogo, na nikatoa somo. Nikamweleza kwamba chombo kikiwa nangani hugeuka na upepo, kama tulivyoona La Paz, ambako mkondo ukivuta huku na upepo ukisukuma kule vyombo huzungukana hovyo, na wenyewe wameipa jina la ngoma, waltz ya La Paz. Upepo umebadilika, chombo kimegeuka, taa inaonekana imehama. Haikuhama.

Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Sawa. Mbona imekuwa kubwa?"

Nilifika juu na shuka miguuni. Upepo ulikuwa umeshajaa, nyaya za mlingoti zinapiga mluzi, na mawimbi mafupi mafupi yanaingia moja kwa moja kutoka ule mlango wa magharibi. Katamarani iliyokuwa ubavuni ilikuwa mbali mbele. Nyuma yetu, karibu kiasi cha kuona kivuli cha mtu akipita, ilikuwa taa ya kambi ya wavuvi, na chini yake mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mchangani.

Nikawasha mashine. Iliwaka mara moja, namshukuru Mungu, nikaitia gia ya mbele. Ikaunguruma kidogo, ikakoroma, ikazima. Katika haraka nilikuwa nimesahau kihori kilichofungwa tezini. Kamba yake ilikuwa imelegea majini, rafadha ikaidaka, ikaivuta na kujifunga nayo kama mtoto na shuka. Hapohapo tukasikia chini ya miguu yetu: dup. Kimya. Dup. Mkuku umegusa fungu, na maji yalikuwa yanapwa.

Nilichukua kisu cha mkate. Mama Salma alinifunga kamba kiunoni, fundo la wodini lile ambalo halifunguki, akashika ncha kwa mkono mmoja na tochi kwa mkono wa pili. Nikasoma bismillahi nikajitupa gizani kama shujaa, nikajikuta nimesimama. Maji yalinifika shingoni. Kama ningekumbuka kwamba chombo chenyewe kimeshakaa chini, ningeshuka kwa ngazi kistaarabu.

Maji ya kule usiku yana ule mwanga wa vijidudu. Kila nilipotia kisu, mkono wangu ulivaa glovu ya kijani. Niliiona rafadha vizuri kuliko ambavyo ningeiona kwa tochi: shaba, na juu yake kamba ya bluu imejikaza mizunguko sijui mingapi. Nikakata uzi mmoja mmoja. Wimbi likija chombo kinainuka, nami nakwepa. Likipita kinashuka, dup, na nasikia mchanga ukitetemeka chini ya nyayo. Nilimeza maji mengi. Juu yangu nilisikia sauti tulivu kabisa ya Mama Salma ikihesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi, vile vile anavyohesabu mapigo ya mgonjwa, ili nijue lini niingize mkono.

Ndipo nikasikia mashine nyingine. Kule Meksiko boti ya wavuvi inaitwa panga. Niliwahi kumwandikia Ami kwamba nimepanda panga, akaniuliza kama nimeumia. Ile panga ilikuja kinyumenyume, na ndani yake mzee mmoja mwenye taa ya kichwani na suruali ya mpira iliyofika kifuani. Hakupiga kelele. Alimwangalia Mama Salma, akaniangalia mimi ndani ya maji na kisu cha mkate, akauliza swali moja kwa Kihispania: mnyororo kiasi gani?

Nikamwonyesha vidole viwili. Ishirini.

Akapiga mluzi mdogo, akageuza uso.

Kilichofuata alikifanya yeye. Alichukua nanga yetu ya akiba na kamba ndefu, akaipeleka kwenye upepo mbali sana, akaidondosha. Sisi tukaivuta kwa winchi za tanga, naye akafunga kamba omo na kutukokota kwa mashine ya panga, mawimbi yakitunyanyua kidogo kidogo. Dup ya mwisho siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa naizungusha winchi kwa kichaa, na Mama Salma akaniambia, "Basi, Baba Salma. Tunaelea." Tulipofika penye maji ya kutosha mzee mwenyewe alipanda omo, akateremsha mnyororo hadi ukafika arobaini na zaidi, akaukanyaga kwa mguu kusikia kama nanga imeuma chini, akaitikia kwa kichwa. Jumla yake labda saa moja. Katamarani haikuamka.

Asubuhi bahari ilikuwa kioo. Niliogelea hadi kihori kilichokuwa kimelala mchangani, tukaenda kambini na bahasha ya pesa. Mzee akaikataa kwa mkono, akapokea kahawa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo akijaribu kutia mshipi kwenye tundu la ndoana, ameunyoosha mkono mbali hadi mwisho, kama sisi wote baada ya umri fulani. Mama Salma alimtazama mara mbili tatu, akafungua mkoba, akatoa miwani yake ya kusomea, ile ya bei rahisi ambayo hununua tatu tatu kwa sababu huzikalia. Mzee akaivaa. Ina fremu ya rangi ya zambarau. Mshipi ukaingia mara moja. Akaangalia ndoana, akaangalia mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kisha akaingia kibandani akatoka na kikande wawili waliokwisha paruliwa. Hawa aliwapokea mama mwenyewe. Mimi nilibeba bahasha yangu nikarudi nayo.

Siku tatu baadaye tulikuwa La Paz, kwenye ile barabara ya ufukweni, mbele ya muuza maembe anayeyanyunyizia chumvi, ndimu na pilipili ya unga utadhani yuko Forodhani. Nikapata mtandao, nikamtumia Ami ujumbe wa sauti wa dakika nne. Upepo niliueleza kwa kirefu. Habari ya nanga niliipitia mbiombio.

Kwetu ilikuwa saa saba mchana, Wete saa nne usiku. Akajibu palepale. Kwanza alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Halafu:

"Hebu n'ambie mwanangu. Amari ulimwaga kiasi gani?"

Nikaandika, maana sikutaka kuitamka: mita 20, Ami.

Alama mbili za bluu. Kimya cha muda. Embe langu likaisha.

"Na huyo aliyeiona taa ni nani?"

"Mama Salma."

"Huyu wa Singida?"

"Ndiyo, Ami."

"Mpe simu."