Usiku niliohesabu pumzi za dada

Tulikuwa mlimani, kambi ya juu, mita 4,700 hivi, mimi na dada yangu hema moja. Saa saba usiku nikashtuka, na kilichonishtua ni ukimya. Dada alikuwa anahema kwa nguvu, kila pumzi kubwa kuliko iliyopita, halafu zikaanza kupungua, ndogo, ndogo zaidi, kisha kimya kabisa. Nikaanza kuhesabu. Nimefika kumi na mbili, mkono ushamshika bega, ndo akavuta pumzi moja ndefu kama mtu anayeibuka majini, na ikaanza upya vilevile, mwenyewe yuko usingizini wala hana habari.

Nikamwita kiongozi wetu, nusu nalia. Mzee akaja na tochi kichwani, akamwamsha, akamuuliza kama kichwa kinauma, kama anakohoa, akamtembeza mstari ulionyooka, dada akatembea vizuri tu huku amenuna. Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 81. "Tulia mwanangu," akanambia, "hewa ya huku ndo ilivyo, hata wewe ukilala unapumua hivyohivyo."

Sikulala tena. Tuliporudi nikasoma mpaka nikaelewa, na mpaka leo naona ni maajabu. Weka vidole shingoni, chini ya taya, pale mshipa unapodunda. Hapohapo, ule mshipa mkubwa unapogawanyika kuelekea kichwani, kuna kinyama kidogo kama punje ya mchele, kimoja kila upande, kazi yake kuonja oksijeni kwenye damu. Ikishuka sana, kama inavyokuwa juu mlimani, vinapeleka taarifa kwa mishipa ya fahamu hadi shina la ubongo, nalo linaiamrisha misuli ya kiwambo chini ya mapafu ivute zaidi. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Nobel ya 1938 kwa kuonyesha kazi ya vihisio hivyo.

Sasa shida ni usingizi. Ukihema sana unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, na ukiwa umelala hiyo kaboni ndo hasa inayolisukuma shina la ubongo likupumulishe, kwa hiyo ikipungua kupita kiasi amri haitoki, kifua kinatulia. Ndo zile sekunde kumi na mbili zangu. Wakati huo oksijeni inazidi kushuka na kaboni inajikusanya tena, shingo inapiga kelele, mtu anavuta ile pumzi kubwa, anaitoa kaboni tena, basi ni hivyo hadi asubuhi. Yaani kile kilichoniogopesha kilikuwa ni mwili wa dada yangu unampigania, ila unapitiliza.

Kesho yake tulishuka hadi mita 3,700. Usiku nikageukia upande wake nikasikiliza, nikahesabu kati ya pumzi na pumzi, mbili, tatu, anavuta, mbili, tatu, anavuta. Sijui nilipitiwa saa ngapi.