Saa 41

Moyo wangu uko upande wa kulia. Nilikuwa na miaka 9, Mombasa, siku mpiga picha wa eksirei alipoishika filamu yangu, akaitazama, kisha akaigeuza akidhani kaiweka kinyume. Mamangu alimwambia, "Mwanangu, mbona waigeuza? Huyu nikimpakata moyo wake nausikia huku." Hakusikilizwa. Nikaandikiwa dawa za kifua kikuu, nikazimeza miezi 6. Miaka michache baadaye nikaanzishwa upya, safari hii miezi 8, na sindano za streptomisini kila siku kwa miezi 2 ya mwanzo. Makohozi yangu hayakuonyesha vijidudu vya kifua kikuu hata siku moja, lakini mtoto anayekohoa miaka nenda miaka rudi aitweje?

Jina la ugonjwa nililipata nikiwa na miaka 33, hapa Minnesota, Marekani. Daktari aliweka kipimo chake kifuani kushoto, akakihamishia kulia, akatulia. Nikapimwa hewa ya nitriki oksaidi puani, ikawa chini mno; nikapigwa CT skani; nikatolewa damu ya vipimo vya jeni. Jibu likawa PCD, yaani primary ciliary dyskinesia. Ndani ya njia za hewa kila mtu ana vinyweleo visivyoonekana kwa macho, silia, vinavyopiga kama makasia na kusukuma makohozi nje. Vyangu havipigi. Makohozi hulala, yakaoza, yakapanua mirija ya mapafu hadi isirudi tena. Huko kupanuka ndiko bronkiektasia. Tumboni mwa mama silia ndizo huelekeza moyo ukae upande gani, zikishindwa ni bahati nasibu, ndiyo maana karibu nusu yetu viungo vyetu vimekaa kinyume. Ni ugonjwa wa kurithi kwa wazazi wote wawili. Baba na mama yangu ni watoto wa ndugu. Mama nilipomweleza alilia sana, nami nikamwambia kweli tupu, kwamba hakuna aliyejua.

Nilifanya kazi ya kuhudumia wazee miaka 11. Kuinua, kuogesha, kugeuza mtu kitandani. Kila siku kabla ya zamu navuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7, navaa fulana ya mashine inayotikisa kifua, nakohoa hadi machozi. Dakika 40 asubuhi, dakika 40 usiku. Mwaka 2023 nililazwa mara tatu. Desemba ya mwaka huo niliacha kazi, na Machi 2024 nikaomba mafao ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani.

Neno hilo ulemavu lilinikaa kooni kama mwiba. Kwetu mlemavu ni mwenye gongo au kiti cha magurudumu. Mimi natembea, najipamba, napika. Shoga yangu wa kazini, mtu wa Kisumu, ndiye aliyenikalisha kitako: hii ni bima, nimeikatwa kila mshahara, siendi kuomba sadaka. Kweli, kuna mifuko miwili. SSI ni ya mwenye kipato kidogo, asiye na akiba ya zaidi ya dola 2,000. SSDI ni ya aliyechangia. Kwa kawaida huhitajika pointi 40 za kazi, na 20 kati yake ziwe za miaka 10 ya mwisho, ila mwenye umri mdogo hutosheka na chache. Kwa mwaka hupati zaidi ya 4. Zangu zilitosha.

Nikajaza fomu. Nikakataliwa.

Barua niliisoma mara nyingi nimekaa ukingoni mwa kitanda. PCD haina kifungu chake katika orodha ya magonjwa yao. Hupimwa kwa kifungu cha bronkiektasia, namba 3.07. Kinataka ulazwe mara tatu ndani ya miezi 12, kila mara ikiachana na nyingine kwa siku 30 au zaidi, na kila kulazwa kufike saa 48, ukihesabu na zile za chumba cha dharura kabla ya kupandishwa wodini. Januari nililala siku 5. Aprili siku 6. Julai nilitoka baada ya saa 41, kwa sababu nilimbembeleza daktari aniruhusu. Nilikuwa na zamu Jumamosi, sikutaka kuwaachia wenzangu mzigo. Nikamalizia antibayotiki za mshipa nyumbani, siku 14, mrija mkononi. Mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa mwingine wa kurithi unaojaza makohozi mazito mapafuni, ana kifungu chake, 3.04, na humo siku 10 mfululizo za dawa za mshipa zina hesabu yake, hata kulala hospitali si lazima kufike saa 48. Kwangu mimi siku 14 zile hazikuhesabiwa popote. Mapafu ni yaleyale, makohozi ni yaleyale. Hili linaniuma mpaka leo, na naamini watu wa PCD tunastahili kifungu chetu.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa ndani ya faili langu la kliniki. Wakili alinisomea. Ziara baada ya ziara: "Mgonjwa anasema anaendelea vizuri." Nikajiuliza nimesema lini. Kisha nikakumbuka: kila ziara. Muuguzi anaingia, anauliza hali, nami nimelelewa mtu akikujulia hali umjibu sijambo, alhamdulillahi, hata kama umetoka kutapika. Sijambo ni adabu. Humtwishi mtu maradhi yako kabla hajakaa. Muuguzi wa watu akaandika alichosikia, na aliyesoma faili akaamini kilichoandikwa.

Fomu ya shughuli za kila siku nayo niliijaza kwa adabu hiyohiyo. Unaweza kupika? Ndiyo. Kufua? Ndiyo. Sikuandika kwamba pilau naipika nimekaa kwenye stuli, kwamba moshi wa vitunguu hunitoa jikoni, kwamba tangu kuosha mchele hadi kupakua napumzika mara tatu na siku inayofuata siamki.

Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa, na wanakuongezea 5 za posta. Usianze ombi jipya, kata rufaa, la sivyo unaweza kupoteza tarehe yako ya mwanzo. Nilikata, nikakataliwa tena, nikaomba kusikilizwa na jaji. Hapo katikati nilinunua daftari. Niliandika makohozi kwa vikombe, rangi yake, saa nilizolala, ngazi nilizoshindwa. Daktari wangu hakuandika "huyu ni mlemavu", maana uamuzi huo si wake na neno hilo halina uzito kwao. Aliandika dakika za matibabu, mapumziko ninayohitaji, na siku ambazo nisingefika kazini kila mwezi.

Niliomba mkalimani wa Kiswahili, na ni bure. Kiingereza ninacho, ila kifua changu kinaumwa kwa Kiswahili. Kubanwa si kuchoka, na kukwama kwa makohozi si kukohoa.

Kikao kilikuwa kwa simu, Septemba 2025. Jaji alinijulia hali, na sauti ya mkalimani ikasema, "Hujambo, bibi?"

Ulimi ulikuwa tayari. Nikaukamata. Nikasema, "Leo nimetoa kikombe kimoja na nusu cha makohozi kabla ya saa tatu asubuhi, ya kijani, na nimekaa kitandani kwa sababu nikikaa kwenye kiti nachoka kuzungumza."

Baadaye jaji alimuuliza mtaalamu wa ajira: mtu wa umri huu, kazi ya kukaa tu, akikosa siku mbili hadi tatu kila mwezi, ipo kazi ya kumfaa? Mtaalamu akasema haipo. Wakili aliniambia baadaye kwamba kesi yangu iliegemea hapo.

Nilikubaliwa Oktoba. Miezi mitano ya mwanzo hailipwi, kwa hiyo wamenihesabia tangu Juni 2024, na wakili akachukua robo ya malimbikizo. Wakati huo sheria ilimwekea kikomo cha dola 9,200. Medicare, bima ya afya ya serikali, huja miezi 24 baada ya mafao kuanza, yaani Juni 2026, na mpaka hapo dawa ni kuungaunga.

Daftari bado naliandika, maana watarudi kulipitia faili. Kliniki siku hizi nikiulizwa hali nalifungua na kusoma.

Mamangu huyo hana haja ya daftari. Akipiga simu kutoka Mombasa hunyamaza kwanza, anisikilize ninavyopumua, ndipo aniulize hali.